Maswali ya Wasomaji: Kumtafuta Babu wa Ireland Ukiwa Mwanza

Safu hii imezoea kupokea maswali kuhusu koo za huku kwetu: nani alihamia Ukerewe kutoka wapi, ukoo gani ulitangulia kufika Buchosa, na mengine ya namna hiyo. Safari hii barua nne zimefika kutoka pande mbalimbali za ziwa, na zote zinaelekea kisiwa kimoja cha mbali, Ireland. Si ajabu. Miongoni mwa wahandisi wa meli, mafundi wa migodi na maofisa wa serikali ya kikoloni walikuwamo Waireland, na wapo walioacha huku watoto na wajukuu. Tumeziweka barua hizo pamoja kwa sababu majibu yake yanategemeana. Majina ya waandishi na ya jamaa zao tumeyaondoa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mama yangu alizaliwa Mwanza mwaka 1954. Baba yake alikuwa Mwireland, mhandisi katika meli za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, naye alifunga ndoa na bibi yetu katika kanisa Katoliki. Aliondoka mwaka 1962 akiwa amekaribia umri wa miaka 50, wala hakurudi. Bibi ameshafariki. Tunalo jina kamili la babu, picha moja, na neno “Mayo” ambalo bibi alilitaja mara kwa mara. Nimeliandika jina hilo kwenye intaneti nikapata watu mamia. Tena nimesoma kwamba kumbukumbu zote za Ireland ziliungua mwaka 1922. Je, nianzie wapi, au nikate tamaa?
— Mjukuu, Kirumba, Mwanza

JIBU: Usikate tamaa, ndugu yetu wa Kirumba, kwa maana unayo mengi kuliko unavyodhani. Ila weka jina pembeni kwa muda, uanze kutafuta mahali. Majina ya ukoo ya Ireland ni machache kuliko watu wake, na Murphy, Kelly na O'Brien wamejaa kila upande wa kisiwa. Majina ya ubatizo nayo yalirithiwa kwa utaratibu uliofuatwa na familia nyingi: mtoto wa kiume wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama; binti wa kwanza alipewa jina la bibi mzaa mama, na wa pili la bibi mzaa baba. Ndugu watano walioishi jirani wakifuata utaratibu huo, kila mmoja wao atakuwa na mtoto mwenye jina lile lile la babu mmoja, na wote wataonekana katika kitabu kimoja cha parokia. Kinachowatenganisha ni mahali.

Mayo ni kaunti iliyo magharibi ya kisiwa, kwenye pwani ya Atlantiki, nayo ni mojawapo ya kaunti 32 za Ireland nzima. Kujua kaunti peke yake ni sawa na kuambiwa kwamba mtu ametoka Mkoa wa Mwanza bila kuelezwa kama ni Magu, Kwimba au Sengerema. Chini ya kaunti kuna parokia, na chini ya parokia kuna eneo dogo la ardhi lenye jina na mipaka yake, linaloitwa taunilandi. Taunilandi ziko zaidi ya 60,000, na nyingi zina jina moja na nyingine zilizo katika kaunti tofauti. Ukipata parokia ya babu yako, utafutaji wako utapungua kutoka watu mamia hadi familia chache. Ukipata taunilandi, huenda ukabaki na nyumba moja.

Mahali hapo pa kwanza hutapapata Dublin, bali hapa hapa Mwanza. Kwa kuwa babu na bibi walifunga ndoa kanisani, nenda kwenye parokia waliyofungia, ukiwa na majina yao na mwaka unaokadiria, umwombe paroko kwa adabu akuangalizie kitabu cha ndoa pamoja na jalada la maandalizi ya ndoa ile. Kanisa Katoliki humtaka kila anayeoa aonyeshe cheti cha ubatizo, na cheti hicho hutaja parokia alikobatizwa. Isitoshe, tangu amri ya Ne Temere ya mwaka 1907, iliyoanza kutumika mwaka 1908, paroko anayefungisha ndoa hutakiwa kuipeleka taarifa kwenye parokia alikobatizwa kila mmoja wa wanandoa, ili iandikwe kando ya jina lake. Maana yake ni kwamba katika kitabu cha ubatizo cha parokia fulani ya Mayo, yawezekana sana jina la Mwanza limeandikwa pembeni mwa jina la babu yako, pamoja na jina la bibi yako. Sijui ushahidi ulio bora kuliko huo wa kuthibitisha kwamba umempata mtu mwenyewe wala si binamu yake. Waliofunga ndoa bomani badala ya kanisani nao wana nafasi, kwa sababu cheti cha serikali huweza kutaja umri, kazi na jina la baba wa bwana arusi, na jina la baba litafaa sana huko mbele.

Kabla hujatoka Mwanza, keti pia na wazee waliofanya kazi Mwanza Kusini na katika karakana za meli, hasa waliowahi kusafiri na meli za Usoga au Rusinga. Usiwaulize tu kama walimjua babu. Waulize alikuwa rafiki wa nani, alikwenda likizo wapi, alipokea barua kutoka kwa nani, alisali wapi. Geuza picha uangalie nyuma yake, maana studio nyingi zilipiga mhuri. Kwa kuwa makao makuu ya shirika lile yalikuwa Nairobi, makumbusho ya reli na hifadhi ya nyaraka ya taifa mjini humo ni mahali pa kuulizia habari za watumishi wake.

Njia nyingine ni orodha za abiria. Serikali ya Uingereza ilihifadhi orodha za watu waliosafiri kwa meli kutoka bandari zake kwenda nchi zilizo nje ya Ulaya tangu 1890 hadi 1960, na safari za Mombasa, Tanga na Dar es Salaam zimo. Zinahifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, London, na picha zake zimewekwa kwenye tovuti za nasaba, nyingi zikiwa za kulipia. Babu yako aliondoka baada ya orodha hizo kukoma, lakini alikuja kabla, na watumishi wa Kizungu walikuwa na kawaida ya kwenda likizo ndefu kwao kisha kurejea kwa meli. Kila safari ya kurejea ilimwandika upya: jina, umri, kazi, na anwani yake ya mwisho kabla ya kupanda meli. Mtu anayekwenda kumwona mama yake Mayo huenda akaiacha anwani ya nyumbani kwa mama yake.

Sasa nije kwenye moto. Ni kweli kwamba tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, jengo la hifadhi ya nyaraka lililokuwa ndani ya Four Courts, jumba la mahakama mjini Dublin, liliteketea pamoja na nyaraka za karne nyingi. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliangamia humo, isipokuwa vipande vichache. Wasia zilizokuwa zimehifadhiwa humo ziliungua. Na zaidi ya nusu ya vitabu vya Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana, vilipotea. Lakini si kila hasara iletwe kwenye moto ule. Sensa za 1861 na 1871 serikali yenyewe iliziharibu mapema, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa sababu ya uhaba wa karatasi. Na kilicho muhimu kwako ni hiki: vitabu vya parokia za Kikatoliki havikuwa katika jengo lile, kwa kuwa vilikaa kwa mapadri wenyewe, na kumbukumbu za serikali za vizazi, ndoa na vifo zilikuwa mahali pengine. Kwa familia ya Kikatoliki ya Mayo, moto wa 1922 uliondoa mengi ya kabla ya mwaka 1850, lakini haukukata njia ya kumfikia babu aliyezaliwa karne ya 20. Tangu Juni 2022, miaka 100 baada ya moto, ipo pia hazina ya kidijitali ya bure inayokusanya nakala za nyaraka zilizopotea kutoka hifadhi mbalimbali za dunia.

Serikali ilianza kuandikisha ndoa za wasio Wakatoliki mwaka 1845, na vizazi, vifo na ndoa zote mwaka 1864. Tovuti ya serikali ya irishgenealogy.ie inaonyesha picha za kumbukumbu hizo bila malipo, vizazi vikiwa vimetimiza miaka 100, ndoa miaka 75 na vifo miaka 50. Ikiwa babu yako alikaribia miaka 50 mwaka 1962, basi alizaliwa kati ya 1912 na 1914 hivi, na kumbukumbu yake imo. Itakupa mahali alipozaliwa, jina na kazi ya baba, na jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Ukishakuwa na majina ya wazazi wote wawili, tafuta ndoa yao, ambayo itakupa majina ya baba zao na kazi zao, ingawa mama hawatajwi. Ukumbuke kwamba ndoa kwa kawaida ilifungwa katika parokia ya bibi arusi, na kwamba Wakatoliki wengi walioana katika siku zinazotangulia Kwaresima.

Baada ya hapo fungua sensa za 1901 na 1911, ambazo zimesalia kamili na zinasomwa bure katika tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ireland. Babu mwenyewe hatakuwamo, kwa kuwa sensa ya pili ilifanyika tarehe 2 Aprili 1911, lakini wazazi wake, na pengine kaka na dada zake, watakuwamo. Karatasi ya 1911 ni ya thamani ya pekee: kila mke aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi, na wangapi wangali hai. Mahali pa kuzaliwa, hata hivyo, kwa wengi pametajwa kwa kiwango cha kaunti tu.

Ukitaka kwenda nyuma zaidi, kuna kitabu cha kodi za ardhi kiitwacho Uthamini wa Griffith, kilichotayarishwa kati ya 1847 na 1864, kinachotaja kila mwenye nyumba au shamba katika kila taunilandi pamoja na mwenye ardhi aliyempangisha. Kilitolewa wakati wa Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 na baada yake, njaa iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni moja nje ya nchi, na Mayo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia sana. Kwa hiyo usipoiona familia yako katika kitabu hicho, usidhani kwamba haikuwapo. Huenda iliishi kwenye kibanda cha mtu mwingine, au ilikuwa imeondolewa shambani.

SWALI: Ninamsaidia jirani yetu ambaye babu yake alitoka Cork. Katika vitabu vya ubatizo nimekuta Jacobus, Gulielmus na Honora, ilhali familia inasema James, William na Nora. Jina la ukoo nalo ni Sullivan mahali pamoja na O'Sullivan mahali pengine. Je, ni watu wale wale?
— Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Yawezekana kabisa. Mapadri wengi waliandika kwa Kilatini, hivyo Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Joannes ni John, na Honora ndiye aliyeitwa Nora nyumbani. Bridget naye utamkuta kama Biddy au Delia. Kuhusu O' na Mac, familia nyingi ziliziacha sehemu hizo za jina wakati wa utawala wa Waingereza, kisha wajukuu wakazirudisha mwishoni mwa karne ya 19, lugha na utamaduni wa Kiireland ulipoanza kuhuishwa. Tafuta kwa namna zote mbili.

Usimthibitishe mtu kwa jina moja. Vitabu vile vina faida ambayo rejista nyingi za nchi nyingine hazina: kwa kawaida mama huandikwa kwa jina la ukoo wake wa kuzaliwa, na wasimamizi wa ubatizo, ambao mara nyingi walikuwa ndugu au majirani wa karibu, huandikwa pia. Jina la baba, jina la mama na wasimamizi vikilingana kutoka ubatizo wa mtoto mmoja hadi mwingine, una familia moja mkononi. Maktaba ya Taifa ya Ireland iliweka picha za vitabu vya parokia zaidi ya 1,000 kwenye intaneti mwaka 2015, bure, vikiishia takriban 1880. Humo huchagui jina bali parokia na mwezi, kisha unasoma ukurasa baada ya ukurasa. Ni kazi ya subira, na mwandiko wa baadhi ya mapadri ni mgumu, lakini anayesoma kitabu kizima huwaona majirani na ndugu ambao orodha ya majina pekee isingemwonyesha.

SWALI: Mama wa babu yetu ameandikwa ana miaka 57 katika sensa ya 1901, na miaka 71 katika ile ya 1911. Nyumba ni ile ile, watoto ni wale wale. Kosa liko wapi?
— Msomaji wa Bukoba

JIBU: Sheria ya pensheni ya wazee ilipitishwa mwaka 1908, na malipo yakaanza tarehe 1 Januari 1909, hadi shilingi tano kwa wiki kwa maskini aliyetimiza miaka 70. Waliozaliwa kabla ya 1864 hawakuwa na cheti cha serikali cha kuzaliwa, na wengi hawakujua mwaka wao kwa hakika. Umri uliotajwa mwaka 1901 mara nyingi ulikuwa wa kukisia, na ule wa 1911 ulitajwa na watu waliojua kwamba miaka 70 ina maana kubwa kwa chakula cha nyumba. Sioni haja ya kumlaumu yeyote kati yao.

Lakini sheria hiyo imekuachia zawadi. Ili kuthibitisha umri, maofisa walikwenda kuwatafuta waombaji katika sensa za 1841 na 1851, wakati huo zikiwa bado zipo, na wakayajaza waliyoyaona katika fomu. Sensa ziliungua, fomu zikasalia, nazo zimo katika tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ireland. Mama huyo akiwa aliomba pensheni, unaweza kukuta humo majina ya wazazi wake na taunilandi waliyoishi alipokuwa mtoto.

Jihadhari pia na tarehe za kuzaliwa za baada ya 1864. Mzazi aliyechelewa kuandikisha alitozwa faini, hivyo wapo waliosogeza tarehe mbele, na ndiyo maana utakuta mtoto amebatizwa kabla ya “kuzaliwa”. Hapo mimi huiamini tarehe ya ubatizo.

SWALI: Je, nikithibitisha kwamba babu yangu alizaliwa Ireland, nitapata pasipoti yao? Na nitawaandikiaje ndugu walioko huko bila kuwashtua?
— Mama wa watoto wawili, Musoma

JIBU: Mtu ambaye babu au bibi yake mmoja alizaliwa katika kisiwa cha Ireland anaweza kuomba kuandikishwa katika Rejista ya Vizazi vya Ng'ambo, naye huwa raia kuanzia siku ya kuandikishwa. Utahitaji vyeti vya vizazi vitatu, yaani vya babu, vya mzazi wako na vyako, vikishikana bila pengo; ikiwa cheti cha mzazi wako hakimtaji baba, tafuta ushauri wa mwanasheria kabla ya kulipa ada yoyote. Watoto wako waliokwisha kuzaliwa kabla hujaandikishwa hawapati haki hiyo kupitia kwako. La uzito zaidi ni hili: Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na anayepata kwa hiari uraia wa nchi nyingine hupoteza wa Tanzania. Pima jambo hilo na familia yako kwa utulivu, ukifikiria ardhi, kazi na wazee unaowatunza.

Kuhusu ndugu, kumbuka kwamba babu huyo huenda alikuwa na mke na watoto kule, na kwamba wao hawajawahi kusikia habari zenu. Kipimo cha vinasaba kinaweza kusaidia, kwa kuwa binamu wa kwanza hushiriki takriban asilimia 12.5 ya vinasaba, na kampuni huonyesha majina ya walio tayari kuwasiliana; uliza kwanza kama inatuma vifaa Tanzania. Usinunue nembo ya ukoo inayouzwa na tovuti za biashara, kwa maana nembo nchini Ireland hupewa mtu na warithi wake, si kila mwenye jina lile. Wala usinakili mti wa ukoo wa mtu mwingine bila kuona hati zake.

Barua ya kwanza iwe fupi, na ikiwezekana imfikie mtu mzima mmoja badala ya familia nzima. Jitambulishe, eleza kwa sentensi mbili unachokijua kuhusu babu na alivyoishi huku, ambatisha nakala ya cheti cha ndoa na ya picha, na useme wazi kwamba hutafuti urithi wala fedha. Wape nafasi ya kutojibu. Kama hujui anwani ya mtu yeyote, mwandikie paroko wa parokia alikobatizwa babu, utume mchango mdogo kwa kanisa lake, na umwombe amwulize jamaa kama yuko radhi kupokea barua yako kabla hajakupa jina lake.